Neno Nililolisema Tororo

Masaba, Jumapili jioni

Mwanangu Nabwire,

Mimi baba yako, Sajini Erifazi Ojiambo, nina miaka sitini, na kama bibi yako alihesabu vibaya basi ni sitini na miwili. Njaa ile ya kula mizizi ya migomba ilipita ikaniacha. Nzige walipita wakaniacha. Ndui iliniachia alama tatu shavuni, ikaenda kwa jirani. Wajapani wa Burma walinitafuta miezi minane, hawakunipata. Ma-D.C. sita, wakuu wa wilaya wa Kizungu, wamekuja Tororo na kuondoka, na huyu wa saba naye anafunga masanduku yake. Mimi nipo, na meno yangu yote, isipokuwa yale ya chini ambayo wazee waliyang'oa wenyewe kwa desturi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo jeshi lilinifundisha kuandika. Kisamia nakijua mdomoni tu, na Kiingereza ni chako. Herufi zangu zinasimama mbalimbali kama kuruta siku ya kwanza ya kwata. Wewe soma tu.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kufunga sanduku kwa kamba, ya kutokaa karibu na dereva, mama yako amekwisha kuyasema tangu Ijumaa na bado anayasema huko jikoni. Mimi nina jambo moja, na nimeshindwa kulitoa mdomoni.

Barua yako ya kuitwa chuoni, ile uliyoibeba kanisani kuwaonyesha watu, imetiwa saini na Y. Barasa, mkuu wa michezo. Imesema utajaribiwa muhula mmoja, kisha yeye peke yake ataamua kama unabaki katika darasa la walimu wa michezo au unarudi nyumbani. Wewe umepanga ukifika umwambie, "Mimi ni binti ya Sajini Ojiambo wa Masaba," ukidhani mlango utafunguka wote. Nabwire, huyo Barasa ndiye Wandera. Wandera yuleyule wa hadithi zangu, yule mrefu, ambaye nimekuambia tangu utotoni kwamba aliacha chuo kwa kutamani kazi Kisumu. Hakutamani kazi. Mimi ndiye niliyemtoa.

Sasa nianze mwanzo, maana nikianza katikati utaniona mbaya kuliko nilivyo.

Kwamba mimi ndiye niliyeleta mpira wa kikapu sehemu hizi, hilo halina ubishi. Kutoka Kirewa mpaka Masaba hapakuwa na mtu aliyewahi kuuona. Mimi niliuona India, katika kambi ya mapumziko, askari weusi wa Amerika wakicheza jioni. Watu wakubwa, weusi kama sisi, wanaruka kama swala na hawasemi neno. Nilisimama pembeni siku ya kwanza, siku ya pili wakaniita. Mmoja akaniambia kwa mikono, maana hatukuelewana, kwamba mpira haupigwi, unasukumwa kwa vidole. Hilo tu. Mengine nilijifunza kwa macho.

Niliporudi, chuo cha walimu cha misheni karibu na Kiyeyi kikanichukua niwafundishe wanafunzi kwata. Nikamwambia mkuu wa chuo kwamba kwata peke yake inafanya watu kuwa mbao. Akanipa ruhusa. Pete nilizitoa kwenye mapipa ya mafuta, nikazipigilia kwenye nguzo za mvule. Kazi kubwa ilikuwa uwanja. Mpira haudundi kwenye majani, na kwenye changarawe unaruka ovyo. Basi nikavunja vichuguu vinne, nikasomba ule udongo, wanawake wa kijiji wakaupiga kwa mbao na kuusiriba kwa samadi kama wanavyosiriba sakafu ya nyumba, siku tisa, wakiimba na kunitukana. Ukakauka ukawa mgumu kama saruji. Mzungu mmoja wa kazi za barabara alikuja kuupiga teke, akauliza ni simenti ya wapi.

Mechi ya kwanza tulicheza na vijana wa Kihindi wa reli pale Tororo mjini, wakatufunga mpaka mwandishi wa magoli akachoka. Nahodha wao akaja kunipa mkono, akasema, "Sajini, timu yako inapiga saluti vizuri sana." Watu wakacheka. Nilirudi Kiyeyi kwa miguu, sikupanda lori na wachezaji, kwa hasira.

Kesho yake nikawafunga wote mkono wa kulia kiunoni kwa kamba ya katani. Mwezi mzima wakacheza kwa mkono wa kushoto. Wazee wa kijiji wakaja kwa mkuu wa chuo kushitaki kwamba Sajini anafundisha watoto wa watu kutoa na kupokea kwa kushoto, na wakioa wakwe watawafukuza. Sikuwafungua. Mwaka uliofuata tuliwafunga wale wa reli, na wa misheni ya ng'ambo ya mto Sio, na kila aliyekuja kwenye kichuguu changu. Sikupoteza mechi ya nyumbani tena mpaka nilipoacha kufundisha. Mimi sisemi hivi kujisifu, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Sheria yangu nyingine ilikuwa ya kinywa. Uwanjani mtu habishani na refa. Hata refa akiwa kipofu, hata akiwa shemeji wa wale wa upande wa pili. Unanyamaza, unarudi kulinda. Aliyefungua mdomo alikimbia kuzunguka uwanja mpaka jua lizame. Walinyamaza vizuri sana, wachezaji wangu. Likumbuke hilo, litakuja mbele.

Wandera alitoka hapahapa Masaba, kwa watu wa chini kule bondeni. Petero Wandera, ndivyo chuo kilivyomwandika. Alikuja miguu mirefu, viatu hana, na mikono kama makasia. Nilimfundisha miaka miwili. Nimeona wachezaji wengi, Nabwire, na wewe mwenyewe una macho mazuri ya mpira wa pete kuliko msichana yeyote niliyemwona, lakini yule alikuwa anajua mwenzake atasimama wapi kabla mwenzake hajajua.

Unajua desturi yetu. Mtoto wa kwanza mama anakwenda kumzalia kwao. Mama Wandera ni binti wa ng'ambo ya mto, upande wa Kenya. Alijifungua kwa kaka zake, wakampa mtoto jina la babu yao, Barasa, na misheni ya kule ikambatiza Yohana. Alipobebwa kuja kwa baba yake akaitwa Wandera, jina la babu wa huku, na akabatizwa tena Petero, maana baba yake alikuwa wa kanisa jingine na hakutaka maji ya wenzake. Majina mawili, ubatizo mara mbili, na yote ni yake. Huku kwetu nusu ya watu wako hivyo. Sisi mto tunauvuka kwenda kuomba chumvi.

Lakini kombe letu la mpakani lilikuwa na sheria ya karatasi. Mchezaji ni wa upande mmoja tu, Uganda au Kenya, na jina moja. Niliijua. Likizo ilipofika, Wandera akaniuliza atafanya mazoezi wapi, maana Masaba hapana pete hata moja. Nikamwambia aende kwa wajomba zake, acheze na timu ya misheni ya kule, mkono usilale. Akauliza, "Wakitaka jina?" Nikamwambia ajiandikishe kwa lile la wajomba, si lake? Nilimsindikiza mwenyewe mpaka kwenye kivuko cha mto na nikamwambia awachunguze wanavyocheza, aje anieleze. Hiyo ndiyo akili yangu ya wakati ule. Niliona nimewashinda wote kwa ujanja.

Halafu nikapandishwa cheo.

Kamati ya michezo ya wilaya ilitaka katibu. Kuna waliosoma waliokitaka kiti hicho, walimu wenye vyeti. D.C. akasema anamtaka mtu ambaye vijana wanamwogopa. Nikapewa meza Tororo, dirisha linaloutazama ule mwamba wa Tororo, baiskeli ya serikali, muhuri, na karani wa kunisomea na kuniandikia, Owor, Mjopadhola kutoka Kirewa. Uwanja nikauacha kwa mwingine.

Nikuambie tofauti ya kazi hizo mbili, maana na wewe siku moja utapewa meza. Ukiwa mwalimu wa timu unamjua mtu kwa miguu yake. Ukimwona kwa mbali anakuja unajua amelala njaa au amegombana na baba yake. Mezani unamjua kwa jina lililoandikwa. Siku za kwanza nilikuwa nasoma orodha na kuona miguu ya watu. Baada ya mwaka nilikuwa naona majina tu. Na niliipenda meza ile, sitakuficha. Mtu ambaye hakumaliza darasa la pili, walimu wenye vyeti wanasimama mlangoni wakisubiri muhuri wake. Nilipanga ratiba za wilaya nzima, nilipima viwanja, nilileta mechi mpaka kiwanda cha simenti. Kazi niliifanya vizuri. Muulize yeyote.

Malalamiko yakaja kutoka timu ya ng'ambo, wiki mbili kabla ya fainali. Owor alinisomea polepole. Walisema chuo chetu kina mchezaji anayeitwa Petero Wandera, na kwamba mtu huyohuyo amecheza kwao likizo mbili kwa jina la Yohana Barasa. Wanaomba aondolewe na aliyepanga hila hiyo ajulikane.

Owor alikunja karatasi akanitazama. Yeye alikuwa amesoma, na alikuwa amesikia mambo. Akaniambia, "Mzee, wewe sema tu. Sema ulimtuma kwa mazoezi. Watakukaripia siku moja, watasahau."

Nikamwambia yeye ni karani, asome, asinifundishe.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Nikisema nilimtuma, walimu wenye vyeti watasema, unaona, mlimpa muhuri askari asiyejua sheria. Nikisema sikujua, kijana atakosa fainali moja. Fainali moja ni nini? Nilidhani ni fainali moja tu.

Siku ya kikao kamati iliketi katika ukumbi wa wilaya asubuhi. Mwenyekiti alikuwa Mzungu wa elimu, mtu wa haki, sina neno naye. Wandera aliitwa, na mama yake akaja naye kwa miguu kutoka Masaba. Yeye ndiye aliyesema kwanza, kwa Kisamia, Owor akitafsiri. Hakulia, hakuomba. Alieleza kama mtu anayeeleza mipaka ya shamba. Alisema, "Jina la wajomba haliibiwi. Nilimzaa kwao. Kama ni kosa basi nishitakini mimi kwa kuzaa."

Watu wakacheka kidogo, hata mwenyekiti. Nafikiri jambo lingekwisha hapo. Lakini mwenyekiti alikuwa mtu wa kwenda mpaka mwisho. Akasema majina ni sawa, anaelewa, ila kuna kucheza pande mbili. Je, kijana alifanya kwa kujificha, au mkubwa wake alijua? Akanigeukia mimi.

Wandera naye akanigeukia. Alisema maneno mawili tu, na hakuyasema kwa sauti. "Sajini, sema."

Mimi nikasimama wima, visigino pamoja, nikasema, "Sikujua, bwana."

Ndiyo hivyo. Sikusema kwa kutetemeka. Nilisema kama ninavyosema kila kitu.

Nilijua hatanibishia. Mtoto wa Kisamia hamwiti mzee mwongo mbele ya wageni. Na juu ya desturi, mimi mwenyewe nilimfundisha miaka miwili kwamba uamuzi ukitoka mtu ananyamaza na kurudi kulinda. Alinyamaza. Mama yake alinitazama, akamshika mwanawe mkono, wakatoka. Nikagonga muhuri juu ya jina lake.

Haikuwa fainali moja. Chuo kilipopata ile karatasi, kilisema mwalimu wa kesho hawezi kuwa mtu wa hila, kikamwondoa. Alibakiza muhula mmoja apate cheti. Ningeweza kupanda baiskeli siku ileile niende nikaseme. Kutoka mjini mpaka chuoni ni mwendo wa kuvuta tumbaku mara mbili. Sikwenda. Fainali tulishindwa.

Miezi mitatu baadaye nilikwenda kwa mama yake, huko bondeni, na kuku mkubwa. Kuku alipokewa, mimi sikupokewa. Hakunitolea kiti. Nilisimama uani kama mtoza kodi, nikaanza maneno ya kuzungukazunguka kuhusu sheria na karatasi. Akanikatiza. Akasema, "Shemeji, neno lako ulilisema Tororo, kuku umemleta Masaba. Rudi ukaliseme neno kule ulikolisema kwanza."

Nilikasirika. Nikasema moyoni, mwanamke gani huyu. Nikapanda baiskeli. Miaka sita nimekutana naye sokoni, kanisani, kwenye matanga, na kila mara anaitikia salamu yangu vizuri kabisa, wala haongezi neno. Afadhali angenitukana.

Wandera alivuka mto. Huko kwa wajomba alianza upya, darasa la nyuma, kwa jina la Barasa, na jina hilo ndilo aliloendelea nalo mpaka akapata cheti, na cheti cha pili, na sasa chuo cha wasichana kimempa michezo yote. Habari hizo nilizipata kwa Owor. Mimi nilizipokea kama mtu anayesikia mvua imenyesha shamba la mwingine.

Mpaka ilipokuja barua yako. Uliniletea, ukasoma ile saini kwa sauti, ukaniuliza kama namjua. Nikasema, Barasa ni wengi.

Sasa sikia nilichofanya. Ile Alhamisi niliyorudi kwa miguu, nikakuambia nimestaafu na baiskeli nimeirudisha, sikustaafu. Nilikwenda kwenye kikao cha kamati. Mwenyekiti siku hizi ni mtu wetu, kijana wa koti. Nikaomba kusema kabla ya mambo mengine. Nikasema, mwaka ule, katika ukumbi huu, niliulizwa kama nilijua, nikasema sikujua. Nilijua. Mimi ndiye niliyemtuma na kumwambia atumie jina lile. Mwenyekiti akasema, "Mzee, hayo yamekwisha, hata Wazungu wa kikao kile wamekwisha kuondoka. Keti tuendelee." Nikamwambia siketi mpaka iandikwe. Akasema itachelewesha mambo ya uhuru, kuna sherehe za kupanga. Nikabaki nimesimama. Unanijua. Mwisho Owor akaandika bila kuambiwa, akasoma kwa sauti, nikatia saini yangu. Kisha wakanishukuru kwa utumishi wa miaka mingi na kuniomba ufunguo wa meza.

Owor aliandika nakala ya pili, nikaipeleka posta mwenyewe siku ileile kwa Bwana Y. Barasa. Sikutia maneno ya kuomba kitu. Jina lako sikulitaja. Hajajibu.

Utasema, Baba amefanya hivyo kwa ajili yangu, apate kuninunulia mlango. Ndiyo, wewe ndiye uliyenisukuma. Nisingeona saini ile nadhani ningekufa na neno langu. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko lile la kwanza. Miaka sita mama yule anaitikia salamu yangu, na hayo hayakunitosha.

Kwa hiyo kesho utakapofika, mimi sijui utamkuta mtu gani. Anaweza kukupima kwa miguu yako, na kama ni hivyo sina wasiwasi hata kidogo, maana nimekufundisha mimi. Anaweza kukuona na kuniona mimi nimesimama wima ukumbini. Akikurudisha, rudi. Usimwombe na usimlaumu, na usije ukaniambia nimekuharibia, kwa sababu nitakuwa najua. Jina langu usiliweke mbele kama ulivyopanga, wala usilifiche akikuuliza. Na uamuzi wowote ukitolewa mbele yako na wewe unajua ukweli wake, fungua mdomo. Ile sheria yangu ya kunyamaza uwanjani, nilikufundisha hata wewe. Kwa refa inafaa. Nje ya uwanja niliitumia kujificha nyuma ya watoto wa watu.

Mama yako hayajui haya. Nitamwambia lori likishaondoka, nisije nikakusafirisha katika kelele.

Yale mengine yote niliyojisifia humu, kichuguu, mkono wa kushoto, wale wa reli, ushahidi wake ninao mwenyewe na unatosha. Lakini haya ya Tororo usiyapokee kwangu tu, maana mtu aliyedanganya kwa neno moja anaweza kudanganya kwa karatasi nne. Muulize Owor wa Kirewa, alinisomea malalamiko na ameandika vikao vyote viwili kwa mkono wake. Pita kwa Mama Wandera kesho asubuhi kabla ya lori, nyumba yake ni ya tatu ukishuka bondeni, mwambie wewe ni mtoto wa nani na umsikilize. Na yupo Bwana Barasa mwenyewe. Akikueleza tofauti na nilivyoandika hapa, mwamini yeye.

Baba yako,
Sajini E. Ojiambo